STAA WETU KATIKATI YA DUARA LA WAGIRIKI: HAPANA JAMANI, HAPA NAPINGA

Leo sina umbea, nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie mpaka mwisho.

Mnamjua staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, yule ambaye hoteli isipokuwa na bwawa la kuogelea anasema hiyo ni gesti. Agosti mwaka jana alikwenda Ugiriki. Akapita Santorini, akapiga zile picha za nyumba nyeupe na kuba za bluu ambazo kila mtu anazo. Akapita Mykonos, akala bata ufukweni. Yote sawa, hela yake, maisha yake, mimi nani wa kumsema? Shida ilianza alipofika kisiwa kinaitwa Karpathos, kijiji cha Olympos, usiku wa sikukuu yao ya tarehe 15 Agosti.

Video mliiona wote. Haifiki hata dakika. Mabinti wamevaa nguo za mila, vifuani wamejaa sarafu za dhahabu, wameshikana mikono, wanacheza taratiiibu kama mawimbi ya jioni. Mara paap! Staa wetu kaingia katikati na gauni jekundu, anakata mauno, msaidizi wake anamzunguka na simu. Laiki kama mvua. Na wiki iliyopita kaiposti tena, safari hii na tangazo juu: anakusanya watu waende naye mwaka huu "kucheza na mabinti wa dhahabu". Malipo kwa awamu mbili.

Sasa mimi nilikuwepo usiku ule. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Kwa wasionijua, naishi Piraeus, mji wa bandari pembeni kabisa ya Athens. Wabongo tuko hapa tangu enzi za mabaharia na wale kaka zetu wa kuzamia meli. Ukienda mtaani utasikia Kiswahili kabla hujamaliza kona. Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa miaka 84. Kigiriki bibi anaitwa "yaya". Yaani mimi ndiye yaya ninayemlea yaya, na tangu siku ya kwanza tunachekeana hilo. Yeye ananiita "pedi mu", mwanangu. Kwao ni hukohuko Olympos, na kila Agosti lazima arudi. Kutoka Piraeus ni meli usiku kucha na sehemu kubwa ya siku inayofuata, miguu imevimba, dawa kwenye begi, lakini ukimwambia mwaka huu tupumzike anaweza asikule siku mbili.

Tuanze na hiyo sikukuu yenyewe, maana nimesoma komenti mpaka macho yakauma na naona watu wengi wanadhani ni tamasha la utalii, kama vile kuna mtu kauza tiketi mlangoni.

Tarehe 15 Agosti Waorthodoksi wanaadhimisha Kulala kwa Bikira Maria, yaani kufariki kwake. Wakatoliki kwetu tarehe hiyohiyo wanasema Kupalizwa Mbinguni. Kabla yake kuna mfungo wa wiki mbili, hakuna nyama. Visiwa vingi siku hiyo ni shangwe tu, lakini pale Olympos ina uzito wa msiba ndani yake. Asubuhi ni ibada ndefu, halafu chakula cha pamoja kilichopikwa na wanakijiji wenyewe kwenye masufuria makubwa ambayo mimi nayajua vizuri kwa sababu mwaka jana nilisaidia kuyaosha. Kisha muziki. Vyombo ni vitatu: lira yenye nyuzi tatu, inayosimamishwa juu ya goti na kupigwa kwa uta, lauto, ya shingo ndefu, na tsambuna, zumari la mfuko wa ngozi ya mbuzi, ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kufikiri kuna mtu anamnyonga kuku. Mara ya pili unalizoea. Mara ya tatu unalia na hujui kwa nini.

Na hapa ndipo penyewe. Wale watu hawachezi tu, wanatungiana mashairi papo kwa papo. Yanaitwa mantinada. Beti ya mistari miwili, kila mstari mizani 15, vina vinakutana mwishoni. Nyie mliosoma ushairi shuleni mtaelewa, shairi letu la kawaida ni mizani 16, kwa hiyo sisi na wao tumepishana mizani moja tu! Mmoja anatoa beti, mwenzake anamjibu, wa tatu anadakia. Wanaimbiana kuhusu bibi harusi, kuhusu mtoto aliyerudi kutoka ughaibuni, kuhusu waliokufa. Hasa waliokufa. Wanaume wazima, wenye sharubu, wavuvi na wachungaji wa mbuzi, wanalia mbele za watu na hakuna anayemwambia mwenzake jikaze mwanaume. Ngoma ya taratibu, ambayo wengi mliandika kwamba "inaboa", inaweza kwenda saa na saa, kwa sababu ndiyo inayobeba hayo mashairi. Ya haraka inakuja baadaye, mkishamalizana na machozi.

Usiku ule mzee mmoja alikuwa anamwimbia kaka yake aliyefia Baltimore, Marekani. Watu wengi wa Olympos walihamia huko, baba na babu zao, kutafuta maisha. Alikuwa ametoa beti lake la pili. Mwenzake upande wa pili wa meza alikuwa ameshafumba macho, anatafuta vina vya kumjibu. Ndipo gauni jekundu lilipoingia.

Hakuna aliyemfukuza. Wale watu ni wakarimu kupita kiasi, mgeni anapewa kiti na sahani kabla hajataja jina lake. Mpiga lira aliendelea kupiga. Mabinti walitabasamu, na hapo ndipo mlipoandika "ona wanavyofurahi". Jamani. Binti wa miaka kumi na saba akichanganyikiwa mbele ya kamera atafanya nini zaidi ya kutabasamu? Mimi nilichokiona ni yule mzee kunyamaza. Akakaa chini, akajimiminia mvinyo, basi. Beti la kaka yake halikujibiwa.

Mtu ataniuliza, staa angejuaje? Kigiriki hajui. Sawa, hata mimi mwaka wa kwanza sikujua. Lakini ukiingia sehemu ukakuta watu wanalia, si unauliza kwanza? Ingekuwa msibani Kigogo au Kinondoni ungepita katikati na taa ya simu?

Halafu kuna kambi mbili za komenti ambazo zote mbili zimenichosha.

Kambi ya kwanza ilianzishwa na mchekeshaji wetu mmoja, naye jina kapuni, aliyesema ile dhahabu ni ya kukodi na kwamba "washamba wanajua kujipodoa". Kaka, ile dhahabu inaitwa kolaina, na siyo ya kukodi hata kidogo. Ni sarafu halisi, nyingine zilitumwa na wanaume waliokuwa wakifanya kazi ughaibuni. Zinapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Na kwa kawaida siyo binti yeyote, ni yule wa kwanza kuzaliwa. Anaitwa kanakara. Kwa desturi yao ya zamani mali ya mama, nyumba na mashamba yaliyotoka upande wa mama, inakwenda kwa binti wa kwanza, na mali ya baba inakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Hata majina yanafuata mkondo huo: binti wa kwanza anapewa jina la bibi mzaa mama, mtoto wa kiume wa kwanza jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo binti akisimama kwenye duara na kolaina kifuani, kijiji kizima kinasoma ukoo wake hapo. Ile ni hati ya nyumba inayocheza ngoma, wewe unaiita mapambo.

Kambi ya pili ni dada zangu wa harakati, na nyie nawapenda ila leo nawagusa. Mlivyosikia mali inakwenda kwa binti mkaruka: "Malkia! Kijiji cha wanawake! Sisi tunataka hivyohivyo!" Polepole jamani. Mmejiuliza binti wa pili alipata nini? Wa tatu je?

Hakupata kitu. Mali ilikuwa kidogo, mlima wenyewe mkavu, ukigawa vipande vipande kila mtu anakufa njaa. Kwa hiyo walimpa mmoja yote ili nyumba isianguke, na wadogo zake wakaachwa na mikono mitupu. Wengi hawakuolewa. Wengine walibaki wakimfanyia kazi dada yao mkubwa, shambani na nyumbani, bila mshahara. Mtafiti mmoja Mfaransa, Bernard Vernier, aliandika kitabu kizima kuhusu hao wakubwa na wadogo wa Karpathos na jinsi mfumo huo ulivyopanga hata nani anampenda nani ndani ya familia. Mimi sikuhitaji kitabu. Bibi yangu ni binti wa tatu.

Aliondoka Olympos akiwa msichana, akaja Piraeus kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Kufua, kupiga pasi, kulea watoto wasio wake. Ndiyo, kazi yangu hii hii. Siku aliponisimulia nilikuwa namkata kucha za miguu, tukanyamaza wote wawili. Dada yake mkubwa alibaki na nyumba ya mama, ile ya chumba kimoja yenye jukwaa la mbao la kulala na sahani zimepangwa ukutani mpaka juu. Bibi na dada yake walikaa miaka zaidi ya ishirini hawasemeshani. Baadaye wakaanza kusemeshana kidogo kidogo, Agosti kwa Agosti, salamu na chumvi, hakuna zaidi. Lakini alifikia kwenye nyumba ile ile kila mwaka, kwa sababu sikukuu ikifika huwezi kulala kwa jirani wakati nyumba ya mama ipo.

Kwa hiyo mkiniambia "tuige" nawaambia muulizeni binti wa tatu kwanza. Siku hizi mambo yamelegea, sheria ya urithi ya Ugiriki inawatambua watoto wote. Lakini waliozeeka wamezeeka nayo mwilini.

Na sitaki mtu aseme namtetea kila mtu wa kijiji kama malaika. Olympos wanawahitaji wageni na wanalijua hilo. Kijiji kilijengwa juu ya mgongo wa mlima kujificha maharamia wa baharini, na kwa karne nyingi kufika kwake ilikuwa kwa miguu au punda kutoka bandari ndogo ya Diafani. Huko kujitenga ndiko kulikohifadhi nguo, lahaja yenye maneno ya kale, na vinu vya upepo. Vijana wakahama. Barabara ya lami ilipokamilika, karne hii hii, mabasi ya watalii yakaanza kupanda kila asubuhi ya kiangazi na kuteremka saa kumi jioni. Mabibi wanakaa mlangoni wamevaa nguo za kazi, kitambaa cha maua kichwani, wanauza leso, asali na mimea ya chai. Nyingine ya hiyo mitandio haijafumwa pale, msidanganyike. Mmoja aliwahi kuniambia kwa sauti ya chini kwamba msimu wa baridi anavaa suruali ya manyoya na hakuna anayempiga picha. Biashara ni biashara, mimi sina neno nayo. Kuna picha za mlangoni, za kuuza, na kuna usiku wa sikukuu. Wao wanajua tofauti. Sisi ndio hatujui.

Na tusijifanye hili ni la Wagiriki peke yao. Waliowahi kwenda Mwaka Kogwa kule Makunduchi wanajua ninachosema. Wazee wana mambo yao pale, wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba, halafu pembeni kuna mtu na kamera kubwa anamsogeza mzee kwa kiwiko ili apate moshi vizuri. Tulipoona video hizo tulichukia wote. Sasa ukigeuka wewe ndiye mwenye kamera, hasira imeenda wapi?

Visiwa vingine vya Ugiriki vimeshazidiwa kabisa. Santorini na Mykonos, tangu Julai 2025 abiria wa meli za starehe wanatozwa, na msimu wa watu wengi ni euro 20 kila anayeshuka. Wenyeji wa Santorini wanalalamika mpaka maji na maegesho. Karpathos haijafika huko, na ndiyo maana tangazo la staa wetu linanitisha. Watu arobaini waliolipia "kucheza na mabinti wa dhahabu" watashuka kwenye basi wakiwa na haki yao mkononi, risiti. Utawaambiaje wasiingie katikati?

Mnataka kwenda? Nendeni. Sisemi msiende, na wala msinilishe maneno. Fikeni siku mbili kabla, laleni pale pale kijijini, hela ibaki kwa wenyeji. Mkialikwa kucheza, mtaalikwa, mtu atakushika mkono na kukuweka mwishoni mwa mstari karibu na watoto wanaojifunza, na hapo utakanyaga miguu ya watu mpaka asubuhi na watakucheka kwa upendo. Kama Agosti 15 imejaa, subirini mwisho wa mwezi: usiku wa kuamkia tarehe 29 wanakwenda Vroukounda, sehemu ya ncha ya kaskazini, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana lililo ndani ya pango. Wengine kwa miguu, wengine kwa boti. Wanalala huko huko nje. Bwawa la kuogelea hakuna, nawaambia mapema.

Sasa nifikie kilichonifanya niandike.

Dada yake bibi alifariki Februari. Yule kanakara, mwenye nyumba. Hatukuwahi mazishi, bahari ilikuwa mbaya na meli hazikutoka. Bibi hakulia. Alikaa dirishani siku nzima, jioni akaniuliza kama nimelipa bili ya umeme.

Wiki iliyopita video iliporudi mtandaoni nilikuwa naiangalia jikoni, nasonya peke yangu. Bibi akauliza kuna nini. Nikamwonyesha, nikijua atamtukana staa wetu kwa Kigiriki na tutacheka. Hakumtazama kabisa staa. Akaniambia, "Rudisha, pedi mu." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya bega la lile gauni jekundu, nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani.

Wako wawili pale. Upepo wa usiku kule mlimani unapiga hata Agosti. Dada mtu anavua shali yake, anamfunika mdogo wake mabegani, anaivuta mbele na kuifunga, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Sekunde nne hivi. Halafu mkono wa staa wetu unapita na hawaonekani tena.

Mimi sina hata picha moja ya usiku ule. Bibi alinikataza kutoa simu kwenye duara, nikatii, na wakati huo nilikuwa nyuma na masufuria. Kwa hiyo katika dunia nzima hiyo ndiyo video pekee ninayoijua ya hao wawili, na iko kwenye simu ya mtu ambaye nimetumia aya zote hizi kumsema. Najua inavyoonekana. Bado nasimamia nilichosema.

Dada yangu staa, najua huwa unapita humu. Ile uliyoposti umeikata, mwanzo wake na mwisho wake unao. Nimekuandikia inboksi mara tatu na inaonyesha umesoma. Sitaki hela, sitaki kutajwa, sitaki uombe radhi kwa mtu. Nitumie nzima, kama ilivyorekodiwa. Meli yetu inaondoka Piraeus tarehe 12 Agosti jioni, na bibi anataka aione kabla hajaingia kwenye ile nyumba.